Mafuta Bila Nyama

Soko la Kamalondo lilikuwa limejaa watu, kuku na kelele asubuhi ile ambapo mwanaume mmoja alifika kwenye meza ya Mzee Nasoro, mwenye bucha, akakataa nyama.

Ilikuwa baridi ya mwezi wa sita, mwaka wa sitini na moja. Katanga ilikuwa imejitenga na kupandisha bendera yake, na askari walikuwa kila kona ya Lubumbashi. Alima, binti ya Nasoro, alikuwa amefunga kikwembe, kitenge cha rangi ya machungwa, kilemba kimeinama upande kama cha mtu asiyeogopa kuangaliwa. Kisu kilikuwa tayari juu ya paja la ng'ombe.

"Jambo, mama," alisema mwanaume. Shati lake lilikuwa jeupe, na suruali yake ya kaki ilipigwa pasi mpaka mstari wake ungeweza kumkata mtu. "Minataka mafuta tu. Bila nyama."

"Mafuta bila nyama? Ni ya kupakaa ku viatu?"

"Ni ya Patron. Iko mugonjwa."

Mwanaume akaonyesha nyuma kwa kidevu. Chini ya bomba alisimama mbwa mkubwa wa rangi ya majani makavu, mbavu nje, anakunywa maji ya dimbwi bila kuinua kichwa.

Alima akacheka mpaka kilemba kikateleza. "Imbwa njo patron, mukubwa yako?"

"Docteur wa banyama, muzungu mwenye nilikuwa natumika naye, alikimbia mwaka jana. Imbwa yake ikabaki. Sasa sema weye: nani mukubwa?"

Alima akamkatia mafuta, akayafunga kwenye jani la mgomba, akamwangalia akienda. Hakuwahi kumwona mtu anayetembea taratibu hivyo kwa ajili ya mbwa.

Jina lake lilikuwa Symphorien Kabeya. Alizaliwa Lubumbashi hii hii, lakini baba yake alikuja kutoka Kasai kufanya kazi ya reli, na siku zile hilo lilitosha watu kukuita mgeni. Alikuwa msaidizi kwenye kliniki ya wanyama. Kliniki ilibakiwa na yeye, paka wachache na simu.

Simu ndiyo iliyowaharibu. Amida, binamu yake Alima, aliuza vitambaa kwenye duka lenye simu, ng'ambo ya barabara tu kutoka sokoni, na kila siku Alima alivuka kwenda kumpigia Symphorien.

"Allô? Clinique ya banyama."

"Allô. Niko na munyama mugonjwa."

"Munyama gani, mama?"

"Roho yangu. Hailale."

"Ipatie maji mingi."

"Njo dawa yako kwa kila muntu?"

"Ni ya Patron. Weye, chérie, nitakuletea limonade."

Alima akageukia ukutani ili Amida asione uso wake. "Na Patron amekula nini leo?"

"Muchele wa kuiva sana, bweupe bwa yai, kiazi kitamu, mafuta yako kidogo. Nyama sawa kidole kidogo, basi. Chumvi hapana, mifupa hapana. Figo zake zimechoka. Nyama mingi inazipatia kazi mingi, na hazina nguvu tena."

"Eh, maman!" Amida, aliyesogeza sikio kwenye simu, akapiga makofi. "Muntu anapikia imbwa sawa mama mukwe!"

Alima alicheka naye, lakini hakuyaamini maneno yale. Nyumbani kwa Nasoro mgonjwa alipewa mchuzi wa mifupa. Mwanamke aliyejifungua alipewa maini, na mwenye huzuni aliwekewa ulimi. Hakuna ugonjwa uliowahi kutibiwa kwa kumnyima mtu nyama. Akafikiri: wazungu wenye mbwa wameondoka, kazi hakuna, mwanaume huyu hana kitu na anaona haya kusema. Akaamua kumsaidia bila kumwaibisha.

Basi alasiri, Symphorien akiwa kazini, Alima alipita nyuma ya lupango lake, ua wa nyumba yake, akaingiza mkono kwenye uzio wa matete. Leo maini, kesho mfupa wenye uboho, siku nyingine samaki mkavu wa chumvi. Patron, aliyekuwa anausonya mchele, alikula kama ametoka jela.

Mwezi wa nane mbwa akaanza kutapika. Mdomo ukanuka mkojo, vidonda vikatoka kwenye ufizi. Mwezi huo huo mawe yaliangukia bati la Symphorien, na mtu akaandika kwa makaa kwenye mlango wake: RUDI KWENU. Symphorien alipomwona Patron ameanguka alifikiri jambo moja tu. Sumu. Akajificha nyuma ya pipa la maji, akangoja.

Mkono ulioingia kwenye matete ulikuwa na bangili alizozijua.

"Alima?"

Ini likaanguka.

"Balikutuma?" Symphorien alitoka nyuma ya pipa. "Baliandika ku mulango yangu, sasa banapitia ku imbwa?"

"Nani anitume? Roho yangu njo ilinituma! Niliona mbavu zake. Nilizani hauna..."

"Sina nini?"

Alima akauvuta mkono nje ya matete.

"Kila siku ku telefone nilikuambia! Kila siku! Unamuua na mukono yako, Alima."

"Nilizani ni haya inakusemesha," alisema kwa sauti ndogo. Symphorien alikuwa amegeuka tayari, amemwinamia mbwa.

Kabla ya mmoja wao kumeza kiburi chake, watu wa Kasai walianza kutoka kwenye nyumba zao wakiwa na magodoro kichwani, kwenda kwenye kambi iliyolindwa na askari wa ONU, wale wa Umoja wa Mataifa. Mtaa wa Symphorien uliisha watu mchana mmoja. Yeye alisukumwa juu ya lori lililojaa watoto na sufuria. Mbwa hakupata nafasi.

Amida alileta habari huku anakimbia. Alima akavua aproni, akaenda. Alikuta mlango umevunjwa na Patron amelala karibu na beseni kavu. Akampa maji kwanza, akakaa naye pale mpaka alipokunywa. Kisha akampakia kwenye mkokoteni wa baba yake, mkokoteni wa nyama, akausukuma katikati ya barabara mchana kweupe.

Mzee Nasoro alikuwa anatawadha uani. Birika likamtoka mkononi.

"Alima! Imbwa mu lupango yangu? Sisi Baislamu, bantu ba Maniema, imbwa?"

"Haiko mu nyumba, baba. Iko ku mulango ya nyuma."

"Malaika hawapite penye imbwa!"

"Bapite mulango ya mbele, baba. Kule hakuna imbwa."

Mzee akaokota birika. "Na mukokoteni yangu?"

"Nitaiosha mara saba, moja na udongo. Nitaosha na mikono. Nitaosha hata barabara kama unataka. Lakini nilimuvunja miye, nitamutengeneza miye."

Akamtengea Patron sufuria na sahani, akavifunga uzi mwekundu visichanganyike na vya nyumbani. Akachemsha mchele mpaka ukawa uji mzito, akatenga ute wa yai, akaponda kiazi, akaonja: hauna chumvi, hauna raha. Siku za kwanza Patron aligeuza kichwa. Alima hakumlazimisha. Aliupasha moto, akaweka kidogo kwenye kiganja, akangoja kimya. Akaona kwamba mbwa hula vizuri zaidi jua likipoa, na kwamba harufu ya mafuta ndiyo inayomfungua mdomo. Kidogo, mara nyingi, na maji yasikauke. Alifanya hivyo kabla ya sala na kuosha mikono kwa udongo baada yake, na risasi za mwezi wa tisa zikalia mjini yeye akiwa amechuchumaa pale pale.

Sokoni walimngoja.

"Alima, tunasikia umeolewa na imbwa," alisema Clotilde, muuza mboga za sombe, kwa sauti ya kusikiwa na soko zima.

"Afadhali, mama. Hii haipite kwa bantu kusema bengine vibaya."

"Ya Muluba, muntu ya Kasai, tena! Mwenyewe harudi."

"Basi utakuwa na habari mingi ya kungojea."

Amida alimwambia aende kambini aombe msamaha. Alima alikataa. "Sitaenda na mudomo. Patron ataenda na miguu yake."

Mvua zikaja, vita vikarudi, vikatulia. Ndipo Alima akaona jambo. Kila Ijumaa, mwisho wa meza, palikuwa na kifurushi cha jani la mgomba ambacho hakuna mteja aliyekiomba. Alikifungua: mafuta meupe, yaliyokwanguliwa mpaka uzi wa mwisho wa nyama. Baba yake alikuwa ameangalia pembeni, ananoa kisu ambacho kilikuwa kikali tayari.

Baridi iliporudi watu walisema treni za Kasai ziko tayari, kambi itaondolewa yote. Alima alivaa kikwembe kile cha machungwa, akafunga kilemba upande. Patron alikuwa bado mwembamba, lakini manyoya yalikuwa yanang'aa na alitembea mwenyewe.

Kwenye kizuizi cha barabara ya kambi askari mmoja aliinua bunduki kidogo. "Imbwa ya nani?"

"Ya bwana yangu."

"Bwana yako nani?"

"Symphorien Kabeya."

"Muluba ya Kasai?"

"Umesikia jina. Nirudilie?"

Askari alimwangalia, akamwangalia mbwa, akainua mti wa kizuizi.

Symphorien alikuwa kwenye waya wa uzio wa kambi. Shati lake lilikuwa limechakaa, lakini suruali ilikuwa na mstari. Aliilalia usiku chini ya mkeka. Patron alimwona kwanza. Alilia kama mtoto, akaingiza pua kwenye waya.

Symphorien akapiga magoti, akafungua mdomo wa mbwa, akanusa, akaangalia ufizi.

"Unamupatia nini?"

"Ile ya ku telefone. Niliisikia yote. Sikukuamini tu."

"Hatapona, Alima. Figo hazirudi."

"Najua. Lakini anakula." Akapitisha kifurushi kwenye waya. "Baba ametuma."

Symphorien alifungua jani. Aliyageuza mafuta yale polepole, akitafuta nyama, asiione. Alijua ni kazi ya muda gani kwa mwenye bucha.

"Niliwaza sumu," alisema. "Kwa weye. Unisamehe."

"Miye niliwaza umasikini. Tumelipana."

Symphorien akacheka, machozi yakimwingia mdomoni. "Baba yako amenikubali?"

"Amekubali imbwa. Weye utakuja kujisemea mwenyewe, mulango ya mbele, mu muchana. Dini, ukoo, yote mutabishana. Anapenda kubishana."

"Treni ni kesho. Bote banaenda."

"Na weye ulizaliwa wapi?"

"Hapa."

"Basi unarudi kwenu wapi?"

Symphorien akainuka. "Alima binti Nasoro, utaolewa na miye?"

"Ungechelewa kidogo, ningekuuliza miye."

Kesho yake umati ulielekea stesheni na mizigo yake. Mtu mmoja alitoka kambini akaenda upande mwingine, katikati ya barabara, na mwanamke wa kikwembe cha machungwa na mbwa anayetembea taratibu kati yao. Kwenye kizuizi alikuwa askari yule yule.

"Treni iko kule," alisema. "Nyinyi munaenda wapi?"

"Kupika," alijibu Alima, bila kusimama. "Patron iko na njala."