Picha ya Jiwe Lililolowa

Kila Jumamosi, Keren aliketi na baba yake uani kwao, mtaani Katuba, mbele ya beseni la maji. Papa Stanislas alikata malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari, akatengeneza shanga. Keren alizisugua kwa msasa ndani ya maji, ili vumbi lisiwaingie mapafuni. Simu pia ilikuwa kazi yake, kwani ndiye aliyefungua ukurasa wao kwenye soko la mtandaoni. Tangu aufungue, hakuna aliyenunua hata shanga moja.

Jumamosi moja mkufu mmoja ulibakiza msasa laini, ule wa mwisho, unaochosha vidole kuliko yote. Keren alitamani kwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Akaona kwamba mkufu ukitoka majini unang'aa kana kwamba umekwisha kusuguliwa. Basi akapiga picha upesi, ukiwa bado unachuruzika, akaiweka sokoni, akaondoka akiimba.

Aliporudi alikuta ujumbe wa sauti. Mama mmoja wa mji wa Likasi, Virginie, alikuwa ameulipia mkufu.

"Nitauvaa siku ya ndoa yangu, juma ijayo," alisema. "Niko nataka sawasawa na ile ya ku foto."

Keren alirukaruka kwa furaha, akaukimbilia mkufu. Ulikuwa umekauka na kufifia, umepauka kama miguu ya mtoto asiyejipaka mafuta. Furaha yote ikamtoka. Mteja wao wa kwanza, tena bibi harusi, angepata mkufu wa aibu.

"Papa, tupakaze mafuta kidogo," alisema kwa sauti ndogo.

Stanislas alicheka. "Mafuta juu ya robe yenye atavaa ku ndoa? Atakuja kutulilia hapa, yeye na bashangazi yake bote." Kisha akamtazama. "Ulipiga foto jiwe ikiwa na maji, eh? Njia ya mwongo ni fupi, mwana yangu. Mupigie simu, umuambie wewe mwenyewe."

Keren alipiga. "Maman Virginie, ile foto ilikudanganya. Mukufu ilikuwa na maji, na kazi haiyaisha. Ukitaka, tutakurudishia makuta yenye ulilipa."

Virginie akacheka.

"Nimenunua bintu mingi ku internet, na hakuna mwenye alinipigia kuniambia ukweli. Maliza mukufu yangu. Nangojea."

Wiki ile Keren alisugua kila jioni baada ya shule. Rafiki yake Kiki alikuja kumsaidia, na wawili hao waliimba nyimbo zote za kwaya, hata majirani wakaanza kuitikia. Vidole vilimuuma, lakini shanga zilipofutwa kwa kitambaa ziling'aa zikiwa kavu kabisa. Papa akapeleka mkufu kwenye basi la Likasi.

Jumapili ikaja picha ya Virginie akicheza kwenye harusi yake, mkufu shingoni. Chini yake aliandika kwamba dada zake wote wanataka mikufu yao. Keren akacheza uani hadi akapiga teke beseni, maji yakamwagika.

Stanislas aliliinua beseni akicheka. "Ku soko muntu anashika jiwe, anageuza, anaona," alisema. "Ku internet anaona foto tu, anatuamini. Ukimudanganya mara moja, hatarudia. Ukimuambia ukweli, anarudia na badada yake bote."