Waya Chini ya Kapeti

"—imewaka tena! Baba, ile taa imewaka tena!"

Gulnar alinyoosha kidole mpaka kikagusa kioo cha dashibodi. Taa ya njano yenye umbo la injini ilikuwa inang'aa, haina hata aibu. Ilikuwa likizo ya Juni, mwaka 1997, na kila asubuhi Gulnar, msichana wa miaka kumi na miwili, alikwenda na baba yake kufungua duka lao mjini Shinyanga. Leo ilikuwa siku ya nne taa hiyo inawaka njiani.

"Nimeiona, mimi si kipofu," alisema baba yake, Riyaz Velji. "Na gari linakunywa petroli kama ng'ombe wa kiangazi! Kesho nina mzigo wa kupeleka Bulyanhulu. Duka litasubiri. Twende gereji."

Gereji! Kwa Dada Juliana! Jamani, huyo alikuwa fundi msichana, ametoka chuo cha ufundi juzijuzi tu, na watu walikuwa bado wanasimama barabarani kumtazama akiingia chini ya gari. Mwenye gereji, Mzee Maganga, alimpa miezi mitatu ya majaribio. Miezi hiyo ilikuwa inaisha siku hiyohiyo.

"Shikamoo, Mzee Maganga."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Baba Gulnar, kulikoni? Si wiki iliyopita tu tumekuchomelea bomba la moshi?"

"Tangu mlichomelee ndipo taa imeanza," Riyaz alijibu.

Mzee Maganga aligeuka polepole. "Nani alichomelea?"

"Mimi, mzee," alisema Juliana.

"Haya. Ulichoharibu kitafute mwenyewe. Usipokipata leo, chukua begi lako urudi kwenu Didia."

Mafundi wawili waliokaa kwenye benchi wakacheka. "Nilisema mimi! Kapalilie pamba, dada!"

"Nitapalilia," Juliana alijibu bila kuwatazama, "nikimaliza kuwafundisha kushika mita ya umeme."

Alifungua boneti, akapata kiboksi kidogo chenye mfuniko, akaunganisha matundu yake mawili kwa kipande cha waya. "Gulnar, ingia ndani uniambie taa inafanyaje. Hesabu!"

"Imepepesa mara mbili... imetulia... mara moja! Mbili, moja!"

"Ishirini na moja. Gari linaumwa, na linajisemea lenyewe. Hiyo ni namba ya ubovu wa sensa ya oksijeni."

Akamweleza haraka haraka. Sensa ni kama pua. Inakaa kwenye bomba la moshi, inanusa, halafu injini inajua ipunguze petroli au iongeze. Ikiwa ya baridi hainusi kitu, ndiyo maana ndani yake kuna hita, kama jiko dogo la umeme. "Kwa hiyo, ama jiko limekufa, ama halipati umeme."

"Limekufa, umeliunguza," alisema Mzee Maganga. "Na sensa mpya ni mpaka Nairobi. Wiki tatu!"

"Ngoja niipime kwanza, mzee."

Juliana akaingia chini ya gari, akachomoa soketi ya sensa, akaweka mita. Hita nzima. Akatoka, akapima fyuzi. Nzima. Akamwomba Gulnar awashe swichi, akarudi chini kupima umeme unaotoka upande wa gari. Sifuri.

"Umeme unatoka kwenye fyuzi, hapa haufiki," alisema. "Waya umekatika katikati. Wa huku chini nauona mzima kwa nje. Kuna kipande kingine kinapita ndani, chini ya kapeti la abiria. Panya wanapenda sana..."

"Panya!" Riyaz alikasirika. "Ndani ya gari langu? Niliporudi kutoka Nkome, kule ziwani, na magunia ya dagaa, binti yangu alitoa makapeti yote, akafagia mpaka kwenye pembe. Hata harufu haikubaki. Muulize!"

Wote wakamgeukia Gulnar.

Siku ile wenzake walikuwa wanamwita akacheze rede. Hakuinua kapeti hata moja. Alichukua chetezo cha mama yake, akaweka udi, akakiingiza garini na kufunga milango. Robo saa tu, gari likanukia kama nyumba ya harusi. Baba alimsifu, akampa na soda.

"Uliinua kapeti la mbele, mdogo wangu?" Juliana aliuliza.

"Ndi... ndiyo."

"Ule waya wa kijivu ulikuwa mzima?"

"Ulikuwa mzima."

Juliana akatikisa kichwa kukubali. Hakumtilia shaka hata kidogo. "Basi kama waya wa ndani ni mzima, ubovu uko huku chini, nilikochomelea mimi. Labda joto limeukata waya ndani kwa ndani."

"Umekiri mwenyewe kwamba umeuunguza," alisema Mzee Maganga. "Kalete begi."

Gulnar alikaa juu ya tairi. Akasimama. Akaenda bombani, akanywa maji asiyoyataka, akarudi. Akang'ata kucha. Juliana alikuwa anakunja ovaroli yake taratibu, mkono huu, mkono ule, na mafundi wa kwenye benchi sasa hawakucheka tena.

"Sikuinua!" Sauti ilimtoka Gulnar yenyewe. "Nilidanganya! Sikuinua kapeti hata moja! Nilifukiza udi!"

"Udi?" Riyaz aliduwaa.

"Wa mama, baba."

Ovaroli ikaanguka. Juliana akafungua mlango, akavuta kapeti. Lahaula! Vichwa vya dagaa tele, sponji iliyotafunwa, na katikati ya sponji vitoto vinne vya panya, vyekundu kama pilipili. Riyaz, mtu mzima na kitambi chake, aliruka mara moja akawa juu ya pipa. Na waya wa kijivu ulikuwa umegugunwa mpaka ukakatika.

Juliana akasafisha ncha, akaunganisha kwa lehemu, akazungushia tepu. Swichi ikawashwa tena.

"Kumi na mbili! Mita inasoma volti kumi na mbili!" Gulnar alipiga kelele.

Wakafuta ile namba ya ubovu kwenye kumbukumbu ya injini, Juliana akalizungusha gari mpaka stesheni na kurudi. Taa ya njano haikuwaka.

Mzee Maganga alikohoa. "Nilikuhukumu kabla ya kupima, ng'wanone. Majaribio yameisha. Kuanzia kesho njoo kazini kama fundi wangu." Kisha akawageukia wa kwenye benchi. "Na nyie mtafundishwa mita."

Juliana akachuchumaa mbele ya Gulnar. "Sikiliza, mdogo wangu. Fundi huutafuta ubovu kwa kuacha vile vilivyo vizima. Ukimwambia kitu ni kizima na hujakitazama, umemfungia mlango wa kuufikia ukweli. Kutofagia lilikuwa kosa dogo. Uongo wako ndio uliotaka kunifukuzisha kazi. Umeona aibu, lakini umesema. Siku nyingine sema mapema."

"Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe. Ufagio ule pale."

Riyaz alikuwa bado juu ya pipa. "Na mama yao?" aliuliza. "Hivyo vitoto havina mama?"

Juliana akakitazama kiti cha nyuma. Kitu kilikwaruza ndani yake. Krr, krr.

"Liache gari hapa, Baba Gulnar, nifungue viti vyote. Kesho asubuhi mkija kulichukua, nitawasimulia yaliyobaki."