Mmoja Nyuma Yangu

Ilianza na mwanamke mwenye mbwa aliyekataa kuondoka ukingoni mwa barabara. Wendell Haugen alikwishampita kwa baiskeli, akafika chini kwenye geti la chuma, akanywa maji, akageuka. Yule mwanamke bado amesimama, kamkamata mbwa shingoni, macho juu mlimani.

"Pita tu dada, mbona umeganda?"

"Namngoja mwenzako. Si umesema kuna mmoja nyuma yako?"

Wendell akacheka, kisha akakumbuka. Kumbe alikuwa amesema.

Waendesha baiskeli wa milima ile ya Santa Cruz wana desturi moja ya maana kati ya nyingi zisizo na maana. Barabara ya magari ya zimamoto ni vumbi na kokoto, inakata kona katikati ya miti myekundu iliyozidi minara kwa urefu, na anayeshuka hamwoni anayepanda. Kwa hiyo anayetangulia humwambia kila anayempita: wawili nyuma yangu, au mmoja nyuma yangu, watu wasigongwe. Miaka yote huyo mmoja alikuwa Russ Tillman, rafiki yake Wendell, mtu wa kitambi na breki zenye kulia. Russ alifariki wakati wa Pasaka. Wendell alimzika, lakini mdomo wake haukuhudhuria mazishi.

"Samahani," akasema, "ni mazoea. Niko peke yangu."

"Peke yako?" Mwanamke akamvuta mbwa, na mbwa alikuwa anatetemeka. "Basi anayeshuka kule ni nani?"

Wendell akatazama. Ukungu na miti. Lakini kokoto zilikuwa zinasagwa na magurudumu, na breki zililia, kisha zikanyamaza.

Angekuwa na akili angebaki nyumbani achome nyama kama waume wenzake. Lakini mwanamume akiambiwa anafuatwa, hutaka kwanza aone kama anaweza kumshinda mbio. Akarudi mlimani tena na tena, na kila mara breki zililia karibu zaidi. Nyumbani mkewe, Lorna, akaanza kusikia harufu: gome bichi na mkaa wa kale, harufu ya yale mapango yaliyochomwa na moto mashinani mwa miti mikubwa, ambamo mtu mzima anaweza kusimama asionekane. Akafua nguo. Harufu haikutoka. Haikuwa kwenye nguo, ilikuwa nyuma ya kiti cha mumewe.

"Wen," akanong'ona mezani, "ni Russ?"

Wendell hakugeuza shingo. Siku hizo hakuigeuza kabisa. "Russ alikuwa anahema kama ng'ombe. Huyu hahemi."

Lorna akamwendea Bibi Zelma Bettencourt, Mreno wa asili ya visiwani, anayewaombea waliopigwa kijicho. Bibi akadondosha mafuta ya zeituni kwenye sahani ya maji, akayatazama, akaisukuma sahani mbali.

"Nyie watu wa helmeti mna akili za kuku," akasema. "Ukitangaza nafasi, atatokea wa kuijaza. Jini la mashinani halikuwa na pa kukaa, mumeo kalipa nafasi."

"Tufanyeje, bibi?"

"Mrudi kulekule. Mume atangulie, wewe ufunge nyuma. Kila mtakayekutana naye, mwambie: hakuna nyuma yangu. Neno hilo tu. Mkifika getini bila kulihesabu, limekosa mlango. Ole wenu mkimhesabu mtu yeyote, hata nyinyi wenyewe."

Wakapanda mchana, ukungu wa bahari ukawakuta kileleni. Kuteremka, Lorna akafunga nyuma. Wakampita mzee mwenye fimbo, Lorna akasema, "Hakuna nyuma yangu!" na breki zikalia kwa hasira. Katikati ya mteremko tawi kubwa lilikuwa limelala njiani. Wendell akasimama, uso umekuwa kama jivu.

"Tangulia, Lorna."

"Bibi amekataza!"

"Liko mgongoni mwako, mama. Naliona bega lake. Tangulia, likae na mimi."

Na Lorna, Mungu amsamehe, akatangulia, akashuka huku machozi yanarudi masikioni kwa upepo, kokoto zinaruka, miti inapita myekundu myekundu kama milango isiyokwisha, nyuma yake magurudumu, asijue ni ya nani, asithubutu kutazama, mpaka kwenye kona akamkuta mwanamke juu ya farasi, na farasi ameanza kurudi nyuma, na yule mwanamke akapaza sauti kama wanavyouliza watu wa farasi siku zote, "Mko wangapi?" na Lorna akajibu ukweli.

"Mmoja nyuma yangu!"

Akapita mmoja. Farasi akalia kilio ambacho mwenye farasi hajapata kukisikia.

Getini alifika mwenye koti la Wendell, helmeti ya Wendell, uso wa Wendell. Lorna akamkumbatia, akausikia mgongo chini ya koti: mgumu, wenye mifereji, umelowa. Na juu kabisa, ndani ya ukungu, mwanamume alikuwa anamwita kwa jina.

"Twende nyumbani," likasema.

Polisi hawakuja, wala walinzi wa msitu. Nani atamtafuta mtu aliyeketi mezani kwake akila? Bibi Zelma alifika mpaka barazani, akanusa, akarudi alikotoka bila kubisha hodi.

Lorna anajua aliko mumewe. Kila asubuhi huvaa helmeti na kuitoa baiskeli ili amfuate. Na kila asubuhi lile linainuka mezani taratibu, linafuta mdomo, linavaa glavu.

"Tangulia, mpenzi," linasema. "Nakuja nyuma yako."

Lorna huketi tena. Na ile sauti ya mlimani inayomwita, kila siku inazidi kwenda juu, mbali zaidi.