Matundu Manne kwenye Fremu ya Njano

"Gervas, vyuma hivi unavijua?"

Irene hakumsalimu, wala hakuketi. Alivitua mezani vipande viwili vya chuma vya kushikia keria na boliti zake nne. Gervas alivitambua papo hapo.

"Umevitoa wapi?"

"Nilipita kwa Bhavik, duka la vipuri, kukuulizia. Akaniambia, 'Dada, mpelekee mchumba wako. Alivirudisha, eti hawezi kuitoboa fremu yake.'"

Ukutani mwa karakana, nyuma ya Gervas, ziling'inia baiskeli tano za milimani, za matoleo ya mwanzo yenye springi mbele na nyuma. Gervas alizichagua moja moja katika makontena ya mitumba yaliyoanza kumiminika mjini Morogoro biashara ya nje ilipofunguliwa. Ya njano ndiyo ilikuwa roho yake. Kwa miaka miwili aliifufua, hata mipira ya ndani ya uma wa mbele, iliyokuwa imeoza, akaichonga upya kutoka mpira wa lori. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Kila Jumatatu mama anashuka zahanati Matombo na kidonda chake mguuni," Irene alisema. "Anakaa chini mara nane njiani. Baiskeli nyingine zinamrusha, kidonda kinavuja damu. Nilikuomba hiyo ya springi. Ulisemaje?"

"Kwamba haifungiki keria."

"Na kumbe?"

"Irene, nikiitoboa haitakuwa ile tena. Hakuna ya pili mji huu."

"Ungeniambia unaipenda, ningenuna wiki moja, yakaisha. Wewe uliniambia haiwezekani! Na mama akakutetea: 'Fundi akisema haiwezekani, tumwamini.'"

"Nisamehe."

"Jumapili ya wiki ijayo mjomba Laurenti atashuka kuirudisha posa yako. Na kwetu, mjomba akishasema, amesema."

Kwa siku mbili Gervas hakufungua karakana. Siku ya tatu aliishusha ile ya njano, akashika keke. Akatoboa matundu manne, akavifunga vile vyuma na keria. Kisha akampa kondakta wa basi la Matombo barua fupi: "Irene, keria nimeifunga. Siombi jibu. Jumatatu asubuhi nitakuwa kwenu."

Jumatatu Mama Regina, mama yake Irene, alimkuta mlangoni, mto umefungwa juu ya keria.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kumbe imewezekana?"

Gervas angeweza kujibu kwa kichwa tu. Hakufanya hivyo.

"Iliwezekana tangu mwanzo, mama. Niliwadanganya."

Irene, aliyekuwa akifunga kitambaa mguuni mwa mama yake, aliacha mkono hewani. Mama Regina aliubonyeza ule mto kwenye keria.

"Basi nipakie. Kesi yako nitaisikiliza nikiwa nimekaa."

Walishuka, Gervas akiikokota, Irene nyuma ameshika mgongo wa mama. Kila walipokanyaga jiwe springi zilizama, zikainuka taratibu. Tope lilifunika rangi ya njano. Mama Regina hakushuka hata mara moja.

Alipoingia zahanati, wawili hao walibaki nje. Irene alipitisha kidole ukingoni mwa tundu moja.

"Imekuuma?"

"Imeniuma sana."

"Afadhali leo umesema kweli."

"Na mjomba? Hatashuka tena Jumapili?"

"Atashuka akukemee. Hilo huliepuki." Irene alifuta tope kwenye fremu kwa ncha ya khanga. "Ila posa ataiacha nyumbani."