Viatu Vikija Vyote

"Viatu usiguse," Jude alisema. "Toa mapazia, toa vyombo, toa hata kitanda ukitaka. Viatu viache."

"Ili atakayenunua nyumba avivae?"

"Nyumba haijanunuliwa, dada. Na mama hajafa."

Merrilyn aliendelea na kazi. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda cha mama yao, mkono umezama uvunguni hadi begani. Alivuta viatu kimoja kimoja na kuvitupa kwenye mfuko mweusi wa takataka. Vingine vilianguka jozi, vingine vikaachana njiani.

Bi Edna, mama yao, alikuwa na miaka themanini na moja. Mwezi wa sita, katikati ya majira ya baridi ya Tasmania, aliteleza kwenye ngazi za nyuma asubuhi ya barafu, kapu la nguo mkononi, akavunjika nyonga. Hiyo ilikuwa wiki yake ya nne hospitalini. Daktari aliwaita mabinti zake wawili, Merrilyn na Jude, pembeni, akawaambia kwamba nyumba yenye ngazi haimfai tena. Basi Merrilyn, mkubwa, aliyekaa mtaa wa pili na kubeba kila mzigo, akatafuta chumba kwenye makao ya wazee. Akampata dalali wa nyumba. Zulia lingeoshwa Jumatano, na Alhamisi angekuja mpiga picha za tangazo la kuuza.

Jambo moja tu hakulifanya. Hakumwambia mama. Kila alipokwenda kumwona, Bi Edna aliuliza habari za nyumba yake, na kila mara Merrilyn alimjibu vilevile: "Kila kitu kiko palepale ulipokiacha, Mama."

Jude alimwambia huo ni wizi. Merrilyn akamwambia mwenye huruma nyingi amchukue basi, akaishi naye huko kwake, mjini Hobart. Hilo halikuwezekana. Jude aliishi chumba kimoja, ghorofa ya tatu, na dada yake alilijua hilo vizuri. Jude alichukua funguo za gari lake. Alipofika mlangoni akageuka.

"Unajua mwenyewe mama husema nini kuhusu viatu."

Merrilyn alijua. Mji mzima ulijua.

Kwa miaka ishirini na miwili Bi Edna alifanya kazi ya kujitolea kwenye duka la mitumba la kanisa. Katika mji ule mdogo wa kaskazini mwa Tasmania, mtu akipunguza vitu nyumbani kwake huvipeleka pale, navyo huuzwa kwa ajili ya maskini. Bi Edna alikaa chumba cha nyuma, akivichambua. Aliyasoma maisha ya watu kwenye maboksi yao. "Mtu akileta jozi moja ya viatu," alikuwa akisema, "amenunua nyingine. Akileta mbili tatu, miguu imevimba. Vikija vyote, mwenyewe amekufa."

Siku vilipokuja vyote, aliacha kazi palepale. Alinawa mikono, akaenda nyumbani kupika chungu cha nyama na viazi, akakipeleka kwa wafiwa. Mara nyingi alifika kabla tangazo la msiba halijabandikwa. Kisha alirudi dukani na kuvifunga vile viatu, kila jozi kwa uzi mwekundu wa sufu, fundo lenye vitanzi kama masikio, moja refu na moja fupi. Wenzake walijaribu kuliiga fundo lile. Kila mara masikio yalitoka sawa.

Jumapili Merrilyn alijaza gari. Alichagua Jumapili kwa sababu duka hufungwa, wala hakutaka mashoga wa mama yake wamwone. Katika mji ule hakuna anayeacha vitu mlangoni mwa duka. Mvua huvilowesha, mbwa huvikojolea, na kina mama wazee hubeba takataka Jumatatu nzima. Karatasi ilibandikwa pale kwenye kioo, mwandiko wa Bi Edna mwenyewe, wino umefifia kwa jua: *Usiache kitu mlangoni. Mwite mtu.*

Merrilyn aliacha mifuko tisa. Ule wa viatu aliuweka wa mwisho, juu. Jozi kumi na moja, zote zimechanganyika.

Jumatatu alikwenda hospitalini na skonzi na jamu. Bi Edna alikuwa ameketi kitini, nywele zimechanwa, uso una nuru ambayo Merrilyn hakuiona tangu baridi ianze. Binti wa mazoezi, aliyemfundisha kutembea tena, alikuwa amemwahidi kitu. Akiweza kutembea mpaka mwisho wa ukumbi na kurudi, watafikiria kumruhusu arudi nyumbani.

"Niletee viatu vyangu vya kahawia," alisema. "Vile vya bustani. Vinanijua miguu. Viko uvunguni, upande wa dirisha."

Merrilyn aliirudisha skonzi yake sahanini. Aliona wazi mahali pale alipotia mkono.

"Viko palepale, Mama," alisema. "Nitavileta."

Jumanne, duka lilipofunguliwa tu, alikuwa mlangoni. Msimamizi wa duka alikuwa Bi Thelma, shoga wa Bi Edna tangu ujana wao, mwanamke mnene mcheshi asiyeficha neno. Alimkumbatia Merrilyn kwa nguvu, akamwambia kwamba jana alimtia wazimu. Bi Thelma alipofungua ule mfuko na kuvitambua viatu, alikaa chini akalia, akidhani shoga yake amekwenda bila kuaga. Hata nyama alikwisha kuiweka motoni. Kisha alipovitazama vizuri viatu ndipo akacheka peke yake kama mwendawazimu, kwa sababu aliona mwandiko wa Edna, akajua yu hai.

"Mwandiko gani?" Merrilyn aliuliza.

Bi Thelma alimwonyesha rafu nyuma ya kaunta. Ni rafu ya vitu vilivyowekewa watu. Mteja akipenda kitu na hana pesa siku hiyo, jina lake huandikwa kwenye kikaratasi, na kitu chake hukaa siku saba.

Jozi kumi na moja zilipangwa pale, visigino ukutani. Kila moja ilifungwa uzi mwekundu. Sikio moja refu, moja fupi. Na kwenye kila jozi kikaratasi, wino mbichi mweusi: *Vya Edna. Atakuja mwenyewe.*

"Nani alivifunga?"

"Vilikuja vimefungwa, mwanangu. Si wewe uliyevileta?"

Merrilyn alitaka kusema kwamba alivitupa ovyo mfukoni. Kusema hivyo kungekuwa kusema na mengine yote. Akanyoosha kidole kwenye rafu. Akaomba apewe vile vya kahawia tu.

Bi Thelma akatikisa kichwa huku akitabasamu. Kitu kilichowekewa mtu hapewi mwingine. Sheria hiyo aliitunga Edna, na siku moja alimnyima hata padri suti aliyowekewa mtu mwingine. "Aje mwenyewe, au akuandikie karatasi. Neno moja tu. Akitoka hospitalini nitamtania mpaka achoke."

Karatasi. Neno moja. Lakini ili mama aliandike, ilibidi kwanza aambiwe viatu vyake viko wapi, na kwa nini, na nyumba yake imekuwaje.

Merrilyn alikaa garini mbele ya duka nusu saa. Aliyapanga maneno. Alifika mpaka kwenye "Mama, nisamehe," akaona haya hata pale peke yake. Basi akawasha gari, akaenda mji wa pili, akanunua viatu vipya vya kahawia. Namba ileile. Kamba zilezile. Alivisugua kwenye udongo wa bustani yake, akavifuta, vikaonekana vya zamani kidogo. Soli hakuweza kuifanya chochote. Ilikuwa mpya, ngumu, yenye kuteleza kama sahani.

Jumatano jioni alimvisha mama yake kwa mikono yake mwenyewe. Bi Edna alivitazama. Akainama kwa shida, akaingiza kidole kando ya kisigino, mahali ambapo viatu vyake vilipasuka miaka mingi iliyopita. Hapakuwa na mpasuko.

"Vyangu viko wapi, Merrilyn?"

"Si hivyo, Mama? Miguu yako ndiyo imevimba."

Mama alimtazama. Halikuwa jicho la hasira. Afadhali lingekuwa la hasira.

"Haya," alisema. "Ukisema hivyo."

Asubuhi ya Alhamisi, binti wa mazoezi akiwa kando yake, Bi Edna alisimama akaanza kutembea ukumbini. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Ya Merrilyn ilikuwa na urefu wa hatua tisa. Kwenye ya kumi soli iliteleza, na kichwa kikafika chini kabla ya mkono.

Alikufa siku hiyohiyo, jua likizama.

Hospitali ilimkabidhi Merrilyn mfuko wa vitu vyake. Gauni la kulalia. Miwani. Kitana. Viatu havikuwemo. Muuguzi aliapa kwamba alivitia yeye mwenyewe, akautafuta mfuko mara mbili, akaomba radhi. Merrilyn alimwambia si kitu. Moyoni alishukuru. Hakutaka kuviona tena maishani mwake.

Alidhani mambo yamekwisha.

Kwenye mazishi, Jumatano iliyofuata, Jude alisimama upande mwingine wa kaburi na hakusema naye. Hakujua habari za viatu vipya. Hakuna aliyejua. Watu walimshika Merrilyn mikono wakimwita binti mwema, na kila pole ilimwingia kama mwiba. Baadaye, kwenye chai, Bi Thelma alimsogelea akamshukuru kwa kuja kuvichukua vile viatu.

"Sijavichukua," Merrilyn alisema.

"Ijumaa asubuhi nilifungua duka, rafu tupu. Nikasema padri amekufungulia mlango, umetaka mama yako avae vyake kaburini."

Merrilyn aliweka kikombe chini. Chai ilimwagika kisahanini.

Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mama yake, na nguo zake za msiba. Ilikuwa saa tisa mchana, jua jeupe la baridi limejaa madirishani. Nyumba ilikuwa tupu. Tangu zulia lioshwe, hakuna mtu aliyeingia. Mpiga picha alikuwa ameahirishwa. Manyoya ya zulia yalisimama yote upande mmoja, kama nyasi zilizochanwa.

Palikuwa na nyayo.

Zilianzia mlango wa nyuma. Mguu mmoja ulikanyaga sawasawa. Mwingine ulijivuta, ukiacha mfereji. Zilikatisha jikoni, zikapita ukumbini, zikaingia chumbani kwa mama.

Merrilyn alizifuata. Hakuzikanyaga.

Chumbani hapakuwa na kitanda. Kilishatolewa. Lakini pale kilipokuwa, upande wa dirisha, viatu vilipangwa mstari. Alivihesabu. Kumi na moja. Vya kahawia vilikuwa vya mwisho, karibu na ukuta, kisigino kimepasuka. Uzi mwekundu ulikuwa umefunguliwa kwenye jozi zote, ukakunjwa vizuri, ukawekwa dirishani.

Kwenye kioo palikuwa na alama ya mvuke. Kama pumzi. Ilikuwa bado inafifia.

Aligeuka kutoka. Hapo ndipo alipoona kwamba nyayo ziliingia tu.

Hakuna zilizotoka.

"Mama," alinong'ona. "Nisamehe."

Maneno yaleyale aliyoshindwa kuyasema siku ile garini. Sasa yalitoka kwa urahisi, na hayakuwa na wa kuyapokea. Au yalikuwa naye. Nyuma yake, jikoni, ubao wa sakafu ulilia mara moja, kama unavyolia mtu mzito anapohamisha uzito kutoka mguu mbaya kwenda mguu mzima.

Alikimbia. Mlango hakuufunga.

Usiku huo hakumsimulia mumewe, Garth. Angeanzia wapi? Alikaa kando ya jiko la kuni mpaka makaa yakafa, akajiambia kwamba kesho atampigia Jude na kumwambia kila kitu, soli na yote. Akajiahidi. Lakini kulipokucha Garth akaenda zake kiwandani, naye Merrilyn akaishika simu, akaiweka. Akaishika tena. Akajiambia bado mapema, Jude amelala. Akajiambia jioni ni afadhali.

Alitafuta ndara zake kando ya kitanda. Hakuziona. Akatafuta chini ya kiti, hakuziona. Akaenda jikoni na soksi tu, akatia maji kwenye birika, na maji yalikuwa hayajachemka mlango ulipogongwa.

Alikuwa Bi Thelma. Alikuwa amevaa koti la kanisani. Mikononi alibeba chungu kilichofunikwa kitambaa, na harufu ya nyama na viazi ikaingia ndani kabla yake. Macho yalikuwa mekundu. Alipoona ni nani aliyefungua, alirudi hatua moja nyuma, chungu akikikumbatia.

Alimtazama Merrilyn usoni. Akashusha macho mpaka kwenye soksi zake.

"Tumevikuta mlangoni mwa duka asubuhi hii," alisema kwa sauti ndogo. "Ndara zako. Mabuti yako ya mpira yenye jina. Vya harusi. Vyote, mwanangu, vimefungwa uzi mwekundu, na juu yake jozi mpya ya kahawia ambayo haijatembea hata hatua kumi." Alikisogeza chungu mbele. "Nimekuja kumpa Garth pole."