Mkono wa Kuazima

Jua lilikuwa kali, Landrova imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwa Thabiti, waipa ilipofuta kioo yenyewe mara moja, ikalala. Thabiti akajichekea. Gari kuukuu halikosi vituko.

Mkono wa kwanza wa waipa ulivunjwa na tawi la mkorosho huko Ziwani. Masika yameanza, wagonjwa wa kupelekwa hospitali wanangoja, na Mtwara nzima spea hakuna. Ndipo akakumbuka gari bovu lililotitia kwenye mikoko ya Msimbati, lile ambalo hata watoto hawalichezei, kwa kuwa lasemekana lina bibi asiyeonekana. Alikwenda, akafungua nati, akautoa mkono, kisha kwa utani wake wa kidereva akaligonga boneti.

"Bibi, niazime mkono. Nitakurudishia mkono."

Pale pale kukanukia udi. Akaondoka upesi, akaufunga mkono ule kwenye Landrova yake.

Tangu hapo waipa ikawa haitulii. Mkewe, Mwanakombo, akiwa anaanika nguo uani, aliiona ikienda na kurudi polepole juu ya kioo kikavu, kwaru, kwaru, na kwa ndani ya kioo, ambako hapakuwa na mtu, alama za vidole vitano zikiifuata kila inakokwenda.

"Baba Tabu," alinong'ona, "nani anakupungia mkono garini mwako?"

Mkono wa kulia wa Thabiti ulikuwa umeanza kufa ganzi, wa baridi, unanuka tope la mikoko hata akiuosha kwa sabuni. Aliogopa sana. Dereva asiye na mkono ataendesha nini, na wanawe watakula nini?

Asubuhi wakaenda Msimbati wote wawili. Jeronimo, mzee aliyelima muhogo jirani na lile gari bovu, akawazuia njiani, akasikiliza kisa chao.

"Ulisemaje? Maneno yenyewe."

"Niazime mkono, nitakurudishia mkono."

"Hukusema wa gari?"

"Mzee, madereva na mafundi wote tunauita mkono!"

"Yeye si fundi," Jeronimo alisema kwa sauti ya chini. "Sisi hapa tunaomba chuma. Kiungo cha mtu hatukitaji kabisa."

Thabiti akaufungua ule mkono, akaufunga tena kwenye lile gari bovu. Jeronimo akamwaga unga chini, akasema, "Chuma chako hiki. Tumerudisha." Harufu ya udi ikakatika. Mwanakombo akalia kwa furaha.

Walipokuwa njiani kurudi mvua ikawashukia, nzito, na waipa hawana, na Thabiti akainama akitafuta barabara, na harufu ya udi ikajaa garini pole pole mpaka wakashindwa kuvuta pumzi, na mkono wake wa kulia ukaachia usukani, ukatoka dirishani, ukajikunja kupita ukingo wa kioo, ukaanza kufuta, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi.

"Baba Tabu, rudisha mkono ndani, tutaanguka!"

"Siuwezi," Thabiti alisema, machozi yakimtoka. "Mama Tabu, si wangu tena."