Amri Isiyosomwa kwa Sauti

Walikutana kwa kugombania chaja. Duka lile la vifaa vya kompyuta lilikuwa jembamba mno, wateja wamebanana mpaka kwenye ngazi, kila mmoja anapunga mkono kumwita muuzaji. Ukutani ilikuwa imebaki chaja moja tu ya aina ile. Mikono miwili ikaidaka kwa pamoja: mmoja wa dada aliyevaa gauni la buluu lenye madoa meupe, mwingine wa kaka mrefu aliyejitupia koti jeupe la maabara begani kama taulo.

"Samahani, kaka, mimi ndiye niliyeanza."

"Umeanza lini? Mimi nimeitolea macho tangu mlangoni."

"Macho hayanunui. Achia."

Muuzaji akaangua kicheko. Kaka akaachia, lakini hakusogea. "Haya, chukua. Ila nipe namba yako, yangu ikinifia nije kuazima."

"Wewe nawe! Hata jina langu hulijui."

"Ndiyo maana sijaomba jina."

Akampa. Mpaka leo hajui ujasiri ule aliutoa wapi, maana dada wa watu ni mwoga, tena mwoga wa kupindukia.

Kumbe wote walifanya kazi hospitali moja. Dada alikuwa ghorofa ya juu, akitunza kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta. Kaka alikuwa chini kabisa, mpimaji wa benki ya damu. Penzi likakolea kwa simu za mchana na chai za kuibia. Dada akamwita mnyonya damu. Mpimaji naye akalidaka jina ambalo wenzake wa ofisini walikuwa wamempachika zamani: Bi Taratibu.

Jina halikumwonea. Kila alipotaka kubadilisha kumbukumbu yoyote, aliandika amri, akatoa mikono kwenye kibodi, akaisoma kwa sauti toka mwanzo hadi mwisho huku kidole kikifuata kwenye kioo, ndipo akabonyeza. Aliyekikalia kiti kile kabla yake alifuta miadi yote ya kliniki kwa amri moja, akaondoka siku hiyohiyo bila kuaga mtu. Kikombe chake kilikuwa bado dirishani. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kukiondoa.

"Unaisomea dua?" mpimaji alimtania siku moja alipomkuta akinong'ona mbele ya kioo.

"Cheka tu. Hii kitu haina huruma, mpenzi. Ukiiambia badilisha, inabadilisha. Haikuulizi kama una akili timamu."

"Na mimi je? Utamaliza lini kunisoma?"

"Wewe una kurasa nyingi. Tulia."

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Simu ikaita asubuhi, kabla hata chai yake haijapoa.

"Bi Taratibu wangu."

"Abee, mnyonya damu."

"Kuna mzee wodi ya wanaume, kumbukumbu inasema kundi lake ni A. Nimempima na kumrudia, ni B. Nirekebishie, bwana. Namba yake nimekutumia."

"Subiri basi, usikate." Akaibana simu kati ya sikio na bega, akaanza kuandika. Kwenye jedwali la wagonjwa, weka kundi la damu liwe B. Ulibaki mstari wa mwisho, ule wa sharti, unaoiambia mashine ni mgonjwa yupi.

Sauti kwenye simu ikabadilika. "Jana nilimweleza mama habari zako."

Vidole vikasimama. "Ukamwambiaje?"

"Kwamba nimepata mtu. Akaniuliza nitamleta lini, nikabaki nimetoa macho. Sasa nakuuliza wewe, mpenzi. Utakubali nikuoe?"

Moyo ulimruka. Hakutoa mikono. Hakusoma. Mambo aliyokuwa akiyafanya kila siku ya Mungu yalimtoka kichwani kwa mpigo mmoja, na kidole kikabonyeza chenyewe.

Kioo kikamjibu bila haraka: wagonjwa wote wamebadilishwa.

Wote. Amri ilikuwa imeondoka bila mstari wa sharti, na mashine isiyoambiwa yupi ikawachukua wote. Vichanga, wazee, waliolazwa, waliokwisha kurudi makwao, kila mmoja sasa alikuwa B. Mpimaji alikuwa akiita, "Haloo? Mpenzi?" Akakata simu.

Ilikuwepo nakala ya akiba ya alfajiri. Angeweza kuirudisha kimyakimya, akanywa chai yake, na asijue mtu. Mkono ulishaanza kwenda. Alikitazama kile kikombe cha dirishani, akajiona yeye mwenyewe akishuka ngazi na mkoba, watu wakimpisha bila kumtazama usoni. Alitamani kuficha, na alitamani sana.

Lakini je, kama kuna mtu amekwisha kuzitumia kumbukumbu hizi?

Akaandika swali: nionyeshe kila mgonjwa ambaye benki imemtolea damu tangu nilipobonyeza. Safari hii alilisoma kwa sauti, na sauti ilikuwa kama si yake. Jibu likaja, mstari mmoja tu. Mama mjamzito, wodi ya wazazi, dharura, anavuja damu. Kundi, B. Akafungua nakala ya alfajiri akamtafuta yuleyule. Kundi, O.

"Mungu wangu."

Mpimaji alishamweleza zamani: mtu wa O akitiwa damu ya B, mwili wake unaishambulia mpaka unajiua wenyewe. Na hospitali ile ilikuwa na utaratibu wake. Dharura ikiingia na kundi la mgonjwa limo kwenye kumbukumbu, damu hutoka kwanza, vipimo hufuata.

Akampigia mpimaji. Ikakatwa. Akapiga tena. Ikakatwa. Mara ya tatu haikuita kabisa, ilikuwa imezimwa. Simu ya mezani ya benki ya damu ilikuwa inatumika.

"Jamani, pokea! Mtu anakufa!"

Alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Mlango wa mkuu wa kitengo ulikuwa wazi. "Mzee, zima mfumo! Nimeharibu makundi ya damu! Yote, mzee, ni mimi!" Hakungoja jibu. Lifti ilikuwa imejaa vitanda, akavua viatu akashuka ngazi peku, gauni amelikunja mkononi.

Mpimaji alikuwa kaunta, macho mekundu. Alipomwona akageuza uso. "Kama umekuja kunionea huruma, rudi juu. Nimekuelewa."

"Damu ya wodi ya wazazi iko wapi?"

"Nini?"

"Ile B! Yule mama si B, ni O! Nimewabadilisha wote! Iko wapi?"

Rangi ikamtoka. "Nesi ameondoka nayo sasa hivi kwenda chumba cha upasuaji."

Wakakimbia. Mpimaji alitangulia kwa miguu yake mirefu, yeye nyuma, akiteleza kwenye sakafu iliyopigwa deki. Nje ya chumba cha upasuaji alikaa mwanamume mmoja amekumbatia blanketi dogo la mtoto. Aliwatazama wakipita, akainuka taratibu. Hofu iliyokuwa usoni mwake haitamtoka dada yule maisha yake yote.

Kupitia kioo cha mlango aliona mfuko umekwisha kutundikwa. Mkono wa nesi ulikuwa kwenye kifungulio cha mpira wa kupitishia damu.

"Usifungue!" mpimaji alipiga ukelele. "Nesi, usifungue! Si damu yake!"

Mkono ukabaki hewani.

Dada wa watu akakaa chini palepale.

Mama yule alipewa damu ya kundi lake, na mtoto alilia kwa nguvu mpaka huku nje akasikika. Mwanamume wa blanketi alimkumbatia mpimaji, akamshukuru hata asijue anamshukuru kwa lipi. Dada alishindwa kumtazama.

Mchana nakala ya alfajiri ikarudishwa. Mkuu wa kitengo alisimama nyuma ya kiti chake wakati wote, mikono mgongoni, akimsikiliza akisoma kila mstari. Mwisho akasema, "Utaandika maelezo, binti yangu. Kamati itakuita. Kwa kweli sijui watasemaje." Akakohoa. "Lakini ulipiga kelele. Mwenzio wa kikombe kile hakupiga."

Jioni mpimaji alimkuta ameketi kwenye ngazi za nyuma. Akakaa kando yake.

"Ulipokata simu nilijua ndilo jibu," akasema. "Nikaona aibu. Nikazima yangu kwa hasira, kama mtoto. Unaelewa nilichofanya? Ungechelewa kidogo tu..."

"Usiseme."

"Na mimi ndiye niliyekupigia maneno ya mapenzi uko kazini. Naogopa, mpenzi. Mikono hii hainitii tangu asubuhi."

Akamwonyesha. Dada akaishika.

"Uliniuliza kitu," akasema.

"Achana nacho. Umechoka, halafu huna hata viatu."

"Niulize tena."

Mpimaji akamgeukia. "Utakubali nikuoe?"

Dada akamwachia mikono. Akaiweka yake magotini, mbali na kila kitu, akavuta pumzi, kisha akaanza polepole, kidole kikifuata hewani.

"Unaniuliza mimi, mwoga huyu, niliyenusurika kuua mtu leo, ambaye kesho huenda sina kazi, kama nitakubali unioe."

"Ndiyo."

"Mimi huyu. Si mwingine yeyote."

"Wewe peke yako."

Akalirudia lote tena kwa sauti, toka mwanzo hadi mwisho, akiwa bado anaogopa. Mpimaji hakumtania. Alingoja mpaka alipomaliza.

"Nimekubali," akasema.